Sungura wa Sikio Moja

Paukwa!

— Pakawa.

Mnaitikia kama watu waliolala na njaa. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na uzi.

— Ukafumwa.

Palikuwa na masazo.

— Yakafichwa.

Palikuwa na kichwa.

— Kikafunikwa.

Na kisichofunikwa je?

— Fisi anakijua.

Haya. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele sikuweka kicheko. Na wewe hapo, acha kuchezea uzi wangu. Mimi nafuma huku nasimulia, na ukinichanganyia nyuzi nami nitakuchanganyia hadithi.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mlima wenye baridi ya kugonganisha meno. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka vizingitini, ukakaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wa mlima huo walivaa sufu. Walifuga kondoo, wakawakata manyoya, wakasokota nyuzi, na nyuzi zote zikapelekwa kwa mfumaji mmoja. Mfumaji huyo alikuwa mjane, jina lake Bibi Nakiete.

Sasa shikeni desturi yao, kwa sababu asiyeishika ataachwa njiani, na mimi sirudi nyuma kumfuata mtu.

Mtoto alipozaliwa, baba yake alichagua kondoo mmoja. Kondoo alikatwa manyoya yote, manyoya yakasokotwa, na Bibi Nakiete akamfumia mtoto blanketi lake la kuzaliwa. Uzi uliosalia uliviringwa ukawa donge. Kwenye ncha yake baba alifunga fundo la ukoo. Donge hilo ndilo lililokuwa umri wa mtoto. Siku zake zote alizobakiza zilikuwa humo ndani, zimeviringwa.

Donge lilipungua lenyewe, mwaka kwa mwaka, kama sabuni. Likibaki fundo tupu, mwenyewe naye amekwisha. Hapo alizikwa, na fundo lake likawekwa kiganjani mwake.

Madonge yote ya kijiji yalikaa kwenye tenga moja, juu darini kwa Bibi Nakiete, kwa sababu moshi wa jiko lake uliwafukuza nondo. Na tenga lilikuwa na miiko mitatu. Masazo ya mtu, yaani donge lake, usiyapime. Masazo ya mtu usiyakate. Masazo ya mtu usiyachanganye na ya mwingine. Bibi Nakiete alilitunza tenga hilo miaka arobaini, na hakuna aliyewahi kupanda kumkagua. Nani angemkagua? Alikuwa ndiye aliyewafunika watoto wao wote tangu siku ya kwanza.

Na Fisi je? Fisi wa mlima ule hakuwa mwizi wa mbuzi. Alikuwa na kazi yake. Donge la mtu likibaki fundo, Fisi alikuja asubuhi ndani ya ukungu, akapiga hodi kama mtu mwenye adabu. Aliondoka na pumzi, akawaachia wenyewe mwili wa kuzika. Hakuwahi kukosea nyumba.

Paukwa!

— Pakawa!

Bibi Nakiete alikuwa na mjukuu mmoja, Mboni, binti wa miaka sita. Mama yake na baba yake walikwisha mapema, madonge yao yalikuwa madogo. Na mwaka aliozaliwa Mboni kondoo walishikwa na ugonjwa wa ngozi, manyoya yakawatoka mafungu mafungu. Manyoya ya kondoo wake yalitosha blanketi kwa shida. Uzi uliosalia ulikuwa na urefu wa kidole.

Kidole kimoja, jamani. Bibi aliujua urefu huo kwa sababu aliupima. Alipima siku ileile ya kuzaliwa, akapima mwaka uliofuata, akapima kila mwezi, kisha kila wiki. Mwiko wa kwanza ulivunjika hivyo, kimyakimya, kwa mapenzi. Simlaumu kwa hilo. Ningekuwa mimi ningepima.

Mboni alipofika miaka sita, uzi wake ulibaki urefu wa ukucha. Ukaingia mwezi wa baridi kali, mtoto akalala na homa. Hakula, hakuamka, hakucheza. Kitu kimoja tu kilimfungua macho: hadithi za Sungura.

"Bibi, Sungura alimshinda Fisi tena?"

"Alimshinda, mjukuu wangu."

"Kila siku anamshinda?"

"Kila siku."

"Basi nifumie kofia ya Sungura. Yenye masikio. Na mkia kwa nyuma. Fisi akija atanikimbia."

Bibi alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mfumaji akishaona kitu kichwani, vidole havitulii tena. Alikwenda kutafuta uzi. Hakukuwa na uzi. Manyoya ya mwaka ule yalikuwa bado mgongoni mwa kondoo, na kumkata kondoo manyoya mwezi wa baridi ni kumuua. Uzi wote uliokuwa mlimani ulikuwa juu darini, ndani ya tenga.

Bibi akapanda darini.

Mkono wake ulipita juu ya donge moja jeusi, kubwa kuliko mengine, wala haukusimama. Ulisimama kwenye donge la kijivu. Lilikuwa la Mzee Senkondo, mnusa tumbaku, mtu wa miaka themanini na kitu.

"Huyu ameishi ya kutosha," Bibi alisema. "Nikimega kidogo, atajuaje?"

Akakata kwa kisu. Akashuka. Akakaa kitandani kwa mjukuu wake, akashika njiti zake za mwanzi. Ingiza, zungusha, vuta. Ingiza, zungusha, vuta. Alifuma kwa matundu mapana ili uzi utoshe, na ikapatikana kofia ya kijivu ya kufunika kichwa na mashavu. Kile kipande cha ukucha, uzi wa Mboni mwenyewe pamoja na fundo lake, alikishonea mbele kuwa mdomo wa Sungura. Ukawa mdomo mdogo unaotabasamu.

Asubuhi, ndani ya ukungu, sauti ikaita.

"Hodi wenye nyumba."

"Ni nani?"

"Mwenye kuchukua vilivyokwisha."

"Hapa hakuna kilichokwisha."

"Yuko wapi mtoto?"

"Hapa hakuna mtoto," Bibi alijibu. "Yupo Sungura."

Fisi akaingiza pua mlangoni. Alitazama kitandani, akanusa mara moja, akanusa mara mbili, akanusa mara tatu.

"Sungura wenu ananuka tumbaku," alisema. "Basi nitakwenda kwenye tumbaku. Lakini sijaona Sungura asiye na masikio. Kesho kutwa nitarudi niyaone."

Akaondoka akichechemea. Kabla ukungu haujainuka, kilio kilisikika kutoka kwa Mzee Senkondo. Mzee alikuwa ameinama kufunga kamba ya zizi, hakuinuka.

Na Mboni akaamka, akaomba maji.

Bibi alikwenda mazikoni. Alipeleka fundo la Senkondo, amelizungushia jani, akaliweka kiganjani mwa marehemu na kukifunga haraka. Watu walisema mzee alikuwa amekula chumvi nyingi. Bibi alikubaliana nao. Alirudi nyumbani na kumkuta mtoto amekaa kitako, kofia kichwani, anajitazama kwenye maji ya kata.

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona sauti zimepungua? Mlidhani Sungura atashinda, sivyo? Mmezoea. Sungura wa porini ana ujanja wake. Sungura wa sufu ana ujanja wa aliyemfuma, hana mwingine.

Kesho kutwa ilikuwa inakuja. Bibi akapanda darini mara ya pili. Mkono wake ulipita juu ya lile donge jeusi, haukusimama. Ulisimama kwenye donge la hudhurungi, la Nanzia, mpika pombe ya muwa. Nanzia aligombana na kila mtu, na Bibi hakusalimiana naye tangu kiangazi kwa ajili ya kuku aliyeingia shambani.

"Huyu hana atakayemlilia," Bibi alisema. "Na donge lake ni la kati. Nikimega kidogo, kitabaki."

Akakata. Ingiza, zungusha, vuta. Alifuma sikio moja refu, akalitia majani makavu ya mgomba ndani ili lisimame, akalishonea upande wa kulia. Uzi ukaisha. Likawa sikio moja.

Asubuhi, ndani ya ukungu, sauti ikaita.

"Hodi wenye nyumba."

"Ni nani?"

"Mwenye kuchukua vilivyokwisha."

"Hapa hakuna kilichokwisha."

"Yuko wapi mtoto?"

"Hapa hakuna mtoto. Yupo Sungura."

Fisi akanusa mara moja, akanusa mara mbili, akanusa mara tatu.

"Sungura wenu ananuka pombe ya muwa. Basi nitakwenda kwenye pombe. Lakini huyu hana mkia. Kesho kutwa nitarudi niuone."

Nanzia alikutwa kando ya mtungi wake, pombe imemwagika mpaka mlangoni. Na kumbe alikuwa na wa kumlilia. Dada yake alitoka upande wa pili wa mlima, akalia siku nzima mpaka sauti ikamkauka. Bibi Nakiete alifunga fundo ndani ya jani, akaliweka kiganjani, akafunga kiganja.

Nyumbani, Mboni alikula viazi viwili na kuomba cha tatu.

Sasa Bibi alijua. Mtu anaweza kujidanganya kwa maiti ya mzee. Maiti ya pili humwambia ukweli. Alijua kwamba uzi uliokatwa umekwisha wote mpaka kwenye fundo, hata kama umekatwa kwenye donge kubwa namna gani. Alikaa jikoni akalia kwa uchungu wa kweli, wala msiseme hakulia. Kisha akamsikia Mboni anaimba kitandani, anamwimbia Sungura wake, akafuta machozi.

Akapanda darini mara ya tatu.

Mkono wake ulipita juu ya donge jeusi. Haukusimama.

Kulikuwa na donge jipya kabisa kwenye tenga, jeupe, kubwa kama boga. Lilikuwa la mtoto wa Mkunde, mama kijana wa nyumba ya jirani. Mtoto alikuwa na siku kumi na mbili, hata jina hajapewa. Baba yake alikuwa amechagua kondoo jike mweupe mwenye sufu nzito, akafunga fundo la ukoo huku anacheka, akasema, "Huyu atatuzika sote."

Bibi alilishika donge hilo kwa muda mrefu. Nitawaambia alichojiambia, kwa sababu ni maneno ya mfumaji na wafumaji wote wanayajua. Alisema, "Donge kubwa halijui kupungukiwa. Nikichukua uzi wa mkia tu, nani ataona?"

Alikuwa amekwisha kujua, na bado akasema hivyo.

Akakata. Ingiza, zungusha, vuta. Kilikuwa kimkia kidogo cha mviringo, cheupe, laini, akakishonea nyuma ya kofia. Mboni alikigusa akacheka. Kilikuwa kimependeza, sitasema uongo. Bibi hakuwahi kufuma kitu kizuri kama kile.

Asubuhi, ndani ya ukungu, sauti ikaita.

"Hodi wenye nyumba."

Bibi hakujibu.

"Mimi ni yule mwenye kuchukua vilivyokwisha. Yuko wapi mtoto?"

"Yupo Sungura," alijibu Mboni mwenyewe kutoka kitandani, kwa sauti nzuri ya mtoto aliyepona.

Fisi akanusa mara moja tu.

"Sungura ananuka maziwa," alisema. Akamtazama Bibi. "Nitakwenda kwenye maziwa?"

Sikilizeni hapo. Mara mbili za kwanza Fisi hakuuliza. Safari hii aliuliza, akasimama kizingitini, akangoja. Ukungu ukapita kati ya miguu yake. Bibi Nakiete alitazama chini, akahesabu vidole vya miguu yake mwenyewe, wala hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

"Haya," alisema Fisi. "Lakini Sungura ana masikio mawili. Kesho kutwa nitarudi nione la pili."

Paukwa.

— Pakawa.

Mtoto wa Mkunde alizikwa siku ileile, nyuma ya nyumba, penye mgomba, kama wanavyozikwa wachanga. Wanawake wote walikuja. Mboni alikuja pia, maana sasa alikuwa mzima, anatembea, anakimbia, na hakuna aliyemwambia abaki. Alikuja na kofia yake. Watu walitabasamu kidogo walipomwona, hata msibani, kwa sababu Sungura wa sikio moja anachekesha.

Bibi Nakiete alitoa jani lililofungwa.

"Nipe nilitie mimi," alisema Mkunde. "Sikuwahi kumtia kitu mkononi mwanangu."

"Mwanangu, desturi ni mfumaji."

"Desturi naijua, Bibi. Nipe."

Mkunde alifungua lile jani. Ndani yake kulikuwa na fundo. Alilitazama, akaligeuza. Uzi unaokwisha wenyewe huwa mwembamba mwishoni, mwembamba kama unywele, mpaka hauonekani. Ncha ya fundo hili ilikuwa butu. Ilikuwa imekatwa.

Hakupiga kelele. Alikaa pale chini, na Mboni alikuwa amechuchumaa karibu naye, anatazama shimo dogo. Mkunde aliona kimkia cheupe nyuma ya kofia. Akanyoosha mkono, akakisugua kwa kidole gumba na cha shahada, mara moja, mara mbili, mara tatu, kama tunavyosugua sufu kuijua.

"Kondoo huyu namjua," alisema. "Nimemlisha mimi."

Kisha mwana wa Mzee Senkondo akasogea, akagusa ile kofia ya kijivu. Dada yake Nanzia, ambaye alikuwa hajarudi kwao, akagusa lile sikio. Hakuna aliyeuliza swali. Watu wa sufu wanaijua sufu.

"Alikuwa anakufa," alisema Bibi Nakiete. "Mjukuu wangu alikuwa anakufa. Nina mmoja tu. Nilimega kidogo. Nilidhani kukata kidogo si kitu."

Mkunde alimtazama.

"Bibi, lako liko wapi?"

"Langu nini?"

"Donge lako."

Mwana wa Senkondo alikwenda nyumbani kwa Bibi, akapanda darini, akalishusha tenga zima, akaliweka hapo mbele ya kaburi. Juu kabisa lilikuwepo lile donge jeusi, kubwa kuliko yote. Lilikuwa na fundo la ukoo wa Nakiete. Halijaguswa hata na kucha.

"Kama kukata kidogo si kitu," alisema Mkunde, "mbona hukukata hili?"

Jamani, Bibi angesema, nani atamlea mtoto mimi nikifa? Na ni kweli, nani angemlea. Lakini hakulisema, kwa sababu mkono wake ulipita juu ya donge lile mara tatu, na mara zote tatu hakuwa anamfikiria Mboni. Alikuwa anaogopa. Mtu mzima wa miaka sabini aliogopa, akampeleka mtoto mchanga mbele yake.

Hawakumpiga. Kila mtu aliinama kwenye tenga, akachukua madonge ya nyumbani kwake, akaondoka nayo kifuani. Tenga likabaki na donge moja jeusi.

Bibi alirudi nyumbani akiwa amelikumbatia. Hakula. Alikaa mlangoni, akashika njiti zake, akakata uzi wake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hakumega kidogo. Aliingiza kisu katikati. Ingiza, zungusha, vuta. Ingiza, zungusha, vuta. Alifuma sikio la pili, jeusi, refu, na alifuma upesi kama msichana, huku anasema, "Kesho kutwa atakuta yote mawili. Kesho kutwa atanikuta mimi."

Lakini alikuwa amemsahau mwenye kichwa. Mboni alikuwepo pale kaburini. Ana miaka sita, si kiziwi. Alisikia kila kitu. Jioni ile hakuomba hadithi, wala siku ya pili yake.

"Bibi," alisema, "mkia wangu ni wa yule mtoto?"

"Ulikuwa wake. Sasa ni wako."

"Yeye anao mwingine?"

Bibi alikuwa anahesabu vishono. "Lala, mjukuu wangu. Sikio linakaribia kwisha."

Asubuhi ya kesho kutwa ukungu ulishuka mpaka vizingitini. Bibi alikata uzi wa mwisho wa lile sikio, akainuka kumvisha mtoto kofia. Kitanda kilikuwa kitupu. Hapakuwa na mtoto, na hapakuwa na kofia.

Alitoka nje na lile sikio mkononi. Alimwita mbele ya nyumba, akamwita zizini, akamwita njiani. Alimkuta penye mgomba. Mboni alikuwa amelala ubavu kando ya kaburi dogo, kichwa wazi, nywele zimelowa umande. Kofia alikuwa ameivisha lile tuta la udongo, vizuri, mkia ukiangalia upande wa miguu, mdomo mdogo ukiangalia juu. Alikuwa ameirudisha.

Fisi alikuwa ameketi pembeni.

"Mchukue Sungura," alisema Bibi. "Masikio haya hapa. Yametimia."

"Hapa hakuna Sungura," alisema Fisi. "Yupo mtoto. Nimenusa mara moja, nikamjua."

"Basi nichukue mimi. Nimekata langu. Tazama, nimelikata katikati."

Fisi alilinusa lile sikio jeusi.

"Siku ya kwanza ningelipokea," alisema. "Siku ya kwanza ungeniambia, njoo huku, ningekuja, na huyu angekaa miaka yako. Mimi sikudanganyika na sufu, Nakiete. Hakuna fisi asiyejua harufu ya sungura. Nilikuwa natazama mkono wako unanyoosha kidole wapi, na ulikoonyesha ndiko nilikokwenda. Kila asubuhi ulinielekeza wewe."

"Uzi uliokatwa umekwisha," Bibi alilia. "Nimekata. Nimekwisha."

"Uzi uliokatwa kwa ajili ya kichwa kingine umekwisha. Huu umeufumia kichwa gani?"

Bibi alitazama chini. Sikio lile halikuwa na kichwa cha kukaa. Fisi aliinuka, akachechemea, akaingia kwenye ukungu. Hakuwa na cha kuchukua tena. Alikuwa amekwisha kukichukua.

Mkunde ndiye aliyetoka ndani na kuwaona. Kisha alikwenda kuleta jembe, akachimba mwenyewe, kando ya mwanawe, na alipomaliza akavua kanga yake ya mabegani akamzungushia Mboni. Kofia hakuiondoa pale ilipowekwa. Mdomo ule mdogo ndio uliokuwa uzi wote wa Mboni, kwa hiyo hapakuwa na fundo la kumtia mkononi. Mkunde alimtia ua la mgomba.

Na Bibi Nakiete akaishi.

Aliishi miaka ishirini, akaishi thelathini, akaishi mpaka waliokuwa watoto siku ile wakawa na wajukuu. Donge lake lilikuwa kubwa, hata nusu yake ilikuwa kubwa. Hakuna aliyempelekea sufu. Kila asubuhi alikaa mlangoni akangoja hodi, na ukungu ulipita bila kusema kitu. Alilifumua lile sikio jeusi, akalifuma, akalifumua, akalifuma. Kila mtu aliyepita alimsalimia "Shikamoo, Bibi," maana adabu ni adabu, na kila aliyempita aliongeza mwendo.

Tangu hapo mlimani kule kila nyumba hutunza masazo yake yenyewe, hata kama nondo watayala. Na mfumaji anayemfumia mtoto kofia, iwe ya sungura, iwe ya paka, iwe ya kondoo, safu ya kwanza huianza na uzi wa nguo yake mwenyewe. Ukimwona ameanza na uzi wa jirani, mnyang'anye njiti.

Hadithi inasema hivi: mapenzi yanayotoa cha watu kabla ya cha mwenyewe ni woga uliovaa kofia. Anayempenda mtu huanza na donge lake mwenyewe.

Fundo hilo, nimelifunga. Anayetaka kulifungua akalifungulie kwao. Nami kofia yangu imekwisha, itazameni: ni ya sungura, ina mkia, na masikio ni mawili, hesabuni wenyewe. Uzi wote ni wa sweta langu, ndiyo maana leo kiwiko kiko nje.

Nani anaitaka?

Mbona mmenyamaza?